Kisu Kisichooshwa Mlangoni

Kanuni ya chama ilikuwa fupi: kisu kinachotoka kwenye banda la mwanachama kioshwe kwa dawa mlangoni, mwenye banda akiona, kabla hakijaingia kwenye banda la mwingine. Mwanamke ambaye wote walimwita Fundi aliishika kanuni hiyo miaka yake yote ya kazi. Aliivunja mara moja tu, tena kwa heshima.

Nasema kwa heshima kwa sababu tumezoea kudhani kanuni huvunjwa na wahuni. Wahuni ni wachache, nao hujulikana mapema. Kanuni nyingi huvunjwa na watu wema wanaoona haya.

Chama chenyewe kilikuwa cha wakulima wadogo wa mawaridi. Kila mmoja alikuwa na banda lake nyuma ya nyumba, nguzo za mti na paa la nailoni nyeupe, na ndani mistari ya mawaridi. Mkulima wa maua aliye peke yake ni mtu wa kuhurumiwa. Mahindi yatasubiri ghalani, kitambaa kitasubiri dukani, lakini waridi lililokatwa asubuhi halimsubiri mtu. Jua likipanda, shingo inalegea, na hapo hata bure halichukuliwi. Ndiyo maana walijiunga. Chama kilijenga chumba cha baridi, kikapata gari, kikawa na lebo moja ya kufungia kila shada. Mnunuzi wa mjini hakumjua mkulima hata mmoja kwa sura. Aliijua lebo. Shada moja likikataliwa, walikuwa wamekataliwa wote.

Kazi ya Fundi ilikuwa kubebesha. Unachukua shina la waridi pori, gumu, lenye mizizi ya kiburi, unalipasua gome kidogo karibu na ardhi, halafu unapachika hapo jicho, yaani chipukizi dogo, lililokatwa kwenye waridi zuri, unafunga kwa utepe. Jicho likishika, waridi pori linalisha na waridi zuri linachanua. Chama kilimsomesha kazi hiyo, kikampa kisu chembamba chenye mpini wa mfupa, na yeye peke yake ndiye aliyeruhusiwa kuzunguka banda hadi banda. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Watu walisema angeweza kubebesha jicho kwenye mguu wa meza, na meza ikachanua.

Lakini kisu kinachobeba uhai hubeba na maradhi. Wakulima waliogopa ugonjwa mmoja kuliko yote, wakauita tezi: vivimbe vigumu vyenye mikunjo, kama tangawizi, vinavyoota shingoni mwa waridi pale linapokutana na udongo. Hauna dawa. Waridi lenye tezi linadhoofika taratibu, na udongo unabaki na sumu yake kwa muda mrefu. Tezi likionekana, mistari yote ya banda hung'olewa na kuchomwa. Aliyeambukizwa bila kosa, chama kilimpa miche mipya na kumbebea udongo mpya. Aliyelileta mwenyewe kwa kununua miche ya magendo, alifukuzwa. Na kufukuzwa kulimaanisha mlango wa chumba cha baridi umefungwa.

Sasa, kuosha kisu mlangoni mwa mtu, mbele ya macho yake, si jambo dogo. Fundi alitembea na kopo la dawa yenye harufu kali. Akimaliza kazi, alisimama kizingitini, akakitumbukiza kisu, akakisugua, akakipangusa, mwenye banda akimtazama. Ni kama mgeni aliyekula kwako, kisha akasukutua kinywa uani pako. Wengine walicheka.

"Fundi, nasi tuoge hiyo dawa?"

"Mkioga mtanukia kuliko mawaridi yenu," alijibu, naye akaendelea kusugua.

Wengine walinuna. Hakuna aliyenuna kama wifi yake.

Wifi huyu alikuwa dada mkubwa wa mumewe, mwanamke mrefu, msafi kupita kiasi, ambaye ufagio wake haukupumzika. Yeye ndiye aliyempeleka Fundi kwenye chama alipoolewa, akasimama mkutanoni na kusema, "Huyu ni mtu wangu, namdhamini." Mawaridi yake mekundu yalikuwa sifa ya chama, mnunuzi wa mjini aliyataja kwa rangi. Kila Fundi alipoosha kisu mlangoni kwake, wifi alikunja mikono.

"Haya, osha, wifi. Osha vizuri. Usije ukapeleka ukoma wangu kwa watu."

"Si hivyo, wifi. Ni kanuni tu."

"Kanuni. Mimi niliyekuleta chama ukiwa hujui hata waridi lina miiba."

Siku ya siku, wifi alikuwa na wageni. Walikuwa wanawake wa heshima, wamekaa kibarazani karibu kabisa na mlango wa banda, vikombe mkononi. Fundi alimaliza kazi, akatoka, akaona macho yote yamemgeukia. Kopo alikuwa nalo. Wifi alimtazama mara moja tu, akageuza uso. Fundi akakikunja kisu, akakitia mfukoni, akaaga. Moyoni alijiambia, nitaosha mbele huko, kabla sijaingia kwa mwingine. Dawa ni ileile.

Mwingine alikuwa mzee mmoja waliyempa jina la Mzee Hapana. Hakuwahi kuunga mkono hoja yoyote mkutanoni. Wakipaka chumba cha baridi rangi, hapana. Wakibadilisha siku ya mkutano, hapana. Wakati fulani alisimama akasema mwanachama awe huru kununua miche anakotaka, wakamzomea mpaka akakaa. Siku hiyo alimpokea Fundi langoni na malalamiko yake.

"Umechelewa. Miche yangu inakauka unatembea kama bibi harusi."

"Nimefika, baba, nimefika."

"Kufika si kufanya kazi. Ingia."

Akaingia. Akafanya kazi. Je, alikiosha kisu langoni, mzee alipokuwa anafoka? Baadaye aliirudia picha ile kichwani mpaka ikachakaa: lango, mzee, miche iliyolazwa kwenye gunia bichi, mkono wake unaingia mfukoni. Kopo hakuliona kwenye picha hiyo. Wakati mwingine alijilazimisha kuliona, likaja, lakini alijua analichora mwenyewe.

Miezi ilipita. Siku wakaguzi wa chama walipopita kwenye mabanda kama kawaida yao, walikuta vivimbe shingoni mwa mawaridi ya Mzee Hapana. Vilikuwa palepale kwenye mikato.

Habari ilienea kabla wakaguzi hawajanawa mikono. Hakuna aliyeuliza tezi limetoka wapi, kwa maana kila mtu alishajua. Si yeye aliyetaka miche ya nje? Kamati ikaamuru mlango wa chumba cha baridi ufungwe kwake mpaka mkutano mkuu. Mzee akaanza kuweka maua yake kwenye ndoo kivulini, amezifunika kwa magunia yenye maji. Kila asubuhi aliyapeleka sokoni mwenyewe kwa baiskeli, na kila mchana alirudi nayo yameinamisha vichwa.

Kuanzia hapo Fundi hakuwa na raha. Akisikia lango linagongwa, anaona wamemjia yeye. Akiona watu wawili wa chama wamesimama njiani wanaongea, anaona wanamwongelea yeye. Akipita wakamsalimu kwa furaha, anaona wanaficha. Alianza kuosha kisu kabla ya kuingia, akiwa ndani na wakati wa kutoka. Jikoni nako alikitumbukiza kisu cha mboga kwenye dawa bila kujijua. Mumewe, fundi wa pampu, mtu wa utani, alinusa sahani yake.

"Mke wangu, leo tumelazwa? Kitunguu hiki kimetoka wodini."

Hakucheka. Mume akaacha kula, akamwangalia.

"Una nini?"

"Sina kitu."

Hilo lilikuwa kosa la pili, na mimi naliona kubwa kuliko la kwanza. La kwanza lilikuwa la haya na haraka. Hili alikuwa na nafasi ya kulifikiri.

Alifikiri hivi: labda si mimi. Labda mzee kweli alinunua miche ya magendo. Kama banda la wifi ni safi, basi kisu kilitoka safi, na dhamiri yangu inanisumbua bure. Akaona hilo linaweza kujulikana. Akaenda kwa wifi asubuhi moja na kisingizio cha kuangalia kama macho aliyopachika yameshika.

Wifi alikuwa anafagia uani. Fundi akaingia bandani, akapiga magoti kwenye mstari wa kwanza. Mawaridi yalikuwa mazuri, mekundu kama alivyoyajua. Ila udongo ulikuwa umepandishwa. Kila shina lilikuwa limejengewa kichuguu kidogo, kimeshindiliwa kwa mkono, kikafunika shingo yote. Hakuna mkulima wa waridi anayefukia shingo. Jicho linahitaji hewa. Akachimba kwa kidole. Kidole kikagusa kitu kigumu, chenye mikunjo.

"Unatafuta nini chini ya mawaridi yangu, wifi?"

Alikuwa amesimama mlangoni, ufagio mkononi.

"Wifi, hili ni tezi."

"Hilo ni fundo la mti."

"Wifi."

"Nimesema fundo." Akaingia, akainama, akarudisha udongo kwa mguu, polepole, kama mtu anayemfunika mtoto. "Na kama silo, basi ulitaka nifanye nini? Ning'oe yote? Nimeyalea haya tangu mdogo wangu hajakuoa."

"Mzee wa watu anafukuzwa."

"Mzee wa watu amekuwa akitafuta kufukuzwa tangu siku ya kwanza."

"Kisu kilitoka kwako kikaenda kwake."

Wifi alinyooka. Sauti yake haikupanda, ilishuka.

"Kisu ni cha nani? Kilikuwa mfukoni mwa nani? Mimi nilikukataza kuosha? Nilifungua mdomo siku ile?"

Hakuufungua. Huo ndio ukweli, na Fundi aliujua.

"Sasa nenda kaseme," wifi akamalizia. "Ukisema langu, umesema lako. Watakunyang'anya kisu kabla hawajagusa jembe kuja kwangu. Halafu tukae, mimi na wewe, tutazamane. Na mdogo wangu awe katikati."

Fundi akarudi nyumbani. Hakusema. Alijiambia atasema mkutanoni, ndiko mahali pake, si vizuri kupeleka maneno kwa mwenyekiti mlango wa nyuma. Mtu anayeahirisha ukweli hakosi kutafuta utaratibu wa kufuata.

Mkutano ulikuwa bado mbali kidogo, na kazi za chama hazikusimama. Majirani wawili, wanawake wa makamo walioshirikiana kila kitu mpaka kamba ya kuanikia nguo, walikuwa wamejenga mabanda mapya ubavu kwa ubavu. Miche yao ya waridi pori ilishashika vizuri, ikawa tayari kubebeshwa. Kamati ikaamua wapewe macho ya waridi jekundu linalopendwa na mnunuzi, yaani la wifi. Agizo likamfikia Fundi kupitia kwa katibu.

"Kachukue macho kwa wifi yako, uwabebeshee wale mama."

"Kwa nini tusitumie ya mwingine?"

"Ya mwingine yana nini? Mnunuzi anataka yale. Au mna ugomvi wa ukoo?"

Katibu alicheka. Kwa Fundi hiyo ilikuwa nafasi nyingine, imeletwa mpaka mlangoni. Angekataa, angetakiwa kutoa sababu, na sababu ilikuwa moja tu. Akasema, "Hakuna ugomvi."

Alikwenda, akakata macho. Wifi alimshikia kikapu. Kisha Fundi akasimama kizingitini, akakitoa kisu, akakiosha. Akakisugua mpaka dawa ikamchoma vidole. Wifi akamtazama, mara hii bila kukunja mikono, wala hakufanya mzaha wake. Wote wawili walijua maradhi hayako kwenye kisu, yamo kikapuni. Kisu kilikuwa safi kabisa. Kwa kisu hicho safi alipachika macho yale kwenye mabanda ya wale majirani, shina baada ya shina, huku wakimletea maji ya kunywa na kumuuliza habari za nyumbani.

"Fundi leo umekuwa mkimya," mmoja alisema. "Au waridi langu halikupendezi?"

"Linapendeza, dada. Kichwa tu."

Mkutano mkuu ulifanyika kwenye banda la kufungia maua. Watu waliketi juu ya ndoo zilizopinduliwa na kreti. Mwenyekiti, mwalimu mstaafu ambaye bado aliongea kama ameshika chaki, alieleza shauri. Wakaguzi wakasema walichokiona. Mzee Hapana akaulizwa kama alileta miche ya nje.

"Hapana," alisema.

Watu wakaangua kicheko, hata waliomwonea huruma. Mzee akangoja wanyamaze.

"Chekeni. Nimewapinga humu tangu mwanzo, na nitawapinga mkinibakiza. Nilitaka kununua miche ya nje, nikasema hapa mbele yenu, mkakataa, basi. Sikununua. Mtu anayetaka kuiba haombi ruhusa mkutanoni."

"Sasa tezi limetoka wapi, mzee?" mtu mmoja akauliza. "Limeshuka na mvua?"

"Mimi si tezi. Liulizeni lenyewe."

Mwenyekiti akagonga meza. "Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Kama kuna neno, mzee, sema sasa. La sivyo nawaomba wanachama wanyooshe mikono."

Fundi alikuwa ameketi karibu na mlango. Wifi yake alikuwa mstari wa mbele, mgongo umenyooka, hakugeuka. Mikono ilianza kupanda. Mmoja, mwingine, wale majirani wawili pamoja kama kawaida yao. Fundi aliuona na wa wifi ukipanda, taratibu, kama mtu anayenyanyua kitu kizito. Hapo ndipo aliposimama. Baadaye alisema hakukusudia kusimama. Miguu ilichoka kukaa.

"Ni mimi," alisema.

Hawakumsikia. Akarudia.

"Teremsheni mikono. Ni mimi. Sikuosha kisu. Nilitoka kwa wifi nikaingia kwa mzee, sikuosha. Tezi liko kwa wifi, chini ya udongo. Nimeliona kwa macho yangu. Na wale mama wawili, macho niliyowapachika yametoka kule."

Mmoja wa wale majirani aliinuka.

"Ulikuwa unajua? Siku ile uliyokunywa maji yangu?"

"Nilijua."

"Na ukaendelea kufunga utepe?"

"Niliendelea."

Wifi aligeuka sasa. Hakulia, hakumtukana. Alisema, "Mimi nilisimama mbele yenu nikamdhamini mtu. Nilikosea," akachukua mkoba wake, akatoka, na watu wakasogeza ndoo kumpa njia.

Mzee Hapana hakumshukuru Fundi. Wapo watakaotaka nisimulie kwamba alimshika mkono. Hakumshika. Alimwambia, "Ungesema mapema, mwanangu. Nimewalisha mbuzi mawaridi msimu mzima." Kisha akaketi juu ya ndoo yake.

Mwenyekiti alimwita mbele. Aliuliza swali moja tu, kwa nini hakuosha siku ile, na Fundi akaeleza wageni, vikombe, na macho ya wifi. Mwenyekiti alisikiliza mpaka mwisho.

"Kanuni hii tuliiweka kwa ajili ya ndugu na marafiki," alisema. "Mtu usiyempenda utamwoshea kisu mlangoni hata bila kanuni. Lete hicho kisu."

Akakiweka mezani. Hakuna aliyepinga, Mzee Hapana naye, kwa mara ya kwanza tangu chama kianzishwe, hakusema hapana.

Chama kilifanya kilichoundwa kufanya. Mlango wa chumba cha baridi ulifunguliwa kwa mzee siku hiyohiyo. Wanachama walikwenda na majembe banda kwa banda, wakang'oa, wakachoma, wakabeba udongo. Mnunuzi wa mjini aliambiwa ukweli kabla hajausikia kwa wengine, akapunguza oda kwa muda, lakini lebo hakuikataa. Mzee alipewa miche mipya. Wale majirani wawili walipewa pia, ingawa mmoja wao hakurudia maua tena. Alisema hana moyo wa kuanza mara mbili.

Ipo hoja niliyoisikia mara nyingi, kwamba Fundi alistahili kusamehewa kwa sababu alisimama mwenyewe bila kukamatwa. Naiheshimu hoja hiyo, lakini siikubali. Alisimama, na ni heri alisimama. Ila chama cha watu wanaotegemeana kwa kitu kinachooza mchana mmoja hakiwezi kungoja mpaka mtu apate ujasiri.

Fundi sasa anafunga mashada kwenye banda lilelile la mkutano, anabandika lebo. Mtu mwingine alifundishwa kubebesha. Wifi alijitoa kwenye chama kabla hajafukuzwa, na lango lake halifunguki kwa mke wa mdogo wake. Mume huenda kumsalimu dada yake peke yake, na akirudi hana la kusimulia. Heshima aliyoilinda kwa kutoosha kisu ilimgharimu Fundi kazi yake na wifi yake. Kunyamaza kwake baada ya kujua kuligharimu mabanda mawili ya watu wasiokuwa na kosa lolote.